Mashine ya kukata thredi: ya mkandarasi au ya kiwandani?

Swali: Mimi ni fundi bomba, nina kampuni ndogo Arusha yenye mafundi wanne. Kwa miaka yote tumekuwa tukipiga thredi, zile nyuzi za skrubu kwenye ncha za bomba, kwa mkono. Sasa tumepata kazi ya mabomba ya zimamoto katika hoteli mbili, mengi yakiwa ya GI (chuma kilichopakwa zinki) ya inchi 1 hadi 2, na machache ya inchi 3 na 4. Pia wapo wachimba visima wawili wanaotaka tuwaandalie mabomba ya kupandisha maji. Muuzaji mmoja ananishauri nichukue mashine ya mkandarasi, mwingine anasema ya kiwandani ndiyo inayodumu, ingawa bei yake ni karibu mara tatu. Zaidi ya hapo, yupo mtu anayeniuzia mashine kubwa iliyotumika kutoka Marekani kwa bei ya chini sana. Nichukue ipi?

Jibu: Ndugu yangu fundi, kwa kazi ulizozitaja ningenunua mashine ya mkandarasi ya inchi 2, iliyo nzuri na si ile ya bei ya chini kabisa, na fedha inayobaki ningeigawa kati ya dai za akiba (vile visu vinavyokata thredi), waya mnene wa umeme na stendi za kushikia mabomba marefu. Jibu hilo lina masharti yake, na ukiyaelewa utajua mwenyewe siku ya kuniacha mimi na kwenda kuchukua mashine ya kiwandani.

Kwanza tuyaweke kando maneno ya dukani. “Ya mkandarasi” na “ya kiwandani” ni majina ya wauzaji. Hutayakuta yamechapwa kwenye kibati cha mota, na mashine ileile inaweza kuitwa hivi kwenye duka hili na vile kwenye duka la jirani. Kwa kawaida anayesema mashine ya mkandarasi anakusudia mashine inayobebwa na watu wawili, inayoishia bomba la inchi 2, inayotumia umeme wa njia moja na kusimama juu ya miguu inayochomolewa au kukunjwa. Anayesema ya kiwandani anakusudia mashine nzito inayokaa mahali pamoja, aghalabu ya kufika inchi 4, yenye mota inayoweza kufanya kazi mfululizo, pampu kubwa ya mafuta na kichwa cha dai kinachofunguka chenyewe thredi inapotimia. Kati ya hizo mbili zimo nyingi za katikati. RIDGID 535, kwa mfano, inaishia inchi 2 lakini ina uzito wa kukaa karakanani, na 1224 ya kampuni hiyohiyo inafika inchi 4 na ina kasi mbili, mizunguko 12 na 36 kwa dakika. Kwa hiyo usimuulize muuzaji mashine yake ni ya daraja gani. Muulize mota yake inaruhusiwa kufanya kazi kwa muda gani kabla ya kupumzishwa.

Wengi hudhani mashine kubwa hukata upesi zaidi. Tupime basi. Thredi ya inchi 2 ya BSP, mfumo wa Kiingereza unaotumika kwetu, ina nyuzi 11 katika kila inchi, yaani kila mzunguko unasogea milimita 2.309, na urefu wa thredi unaotakiwa kwenye bomba hilo ni milimita 23.4. Hiyo ni mizunguko 10 na kidogo. Mashine inayozunguka mara 36 kwa dakika huimaliza kwa sekunde 17 hivi, iwe imegharimu fedha kidogo au nyingi. Bomba la nusu inchi linachukua kama sekunde 12. Muda wa fundi wako unapotelea kwingine: kulibeba bomba, kulipima, kulibana, kulikata, kukwangua ukingo wa ndani kwa rima, kulifungua, kujaribu soketi. Wala uzuri wa thredi moja hautofautishi mashine hizi, kwa sababu dai kali zilizopangwa sawasawa na kumwagiwa mafuta ya kutosha zitatoa thredi safi kwenye zote mbili. Utakachokilipia kwenye mashine ya kiwandani ni uwezo wa kuifanya thredi ya mia ifanane na ya kwanza, siku hiyohiyo, bila mota kunuka.

Uwezo huo unasomeka kwenye kibati cha mota, nami nashangaa ni wanunuzi wangapi wanaosoma nguvu peke yake na kuruka herufi inayofuata. Ukiona S1, mota imetengenezwa kufanya kazi bila kusimama. Ukiona S3 na asilimia, mota ni ya kazi na mapumziko: S3 20% maana yake ni kwamba, katika kila dakika 10, inafanya kazi 2 na kupumzika 8. Mashine nyingi za kubebeka ziko upande huu wa pili, na si kasoro, maana ndiyo sababu ni nyepesi na bei yake inashikika. Inakuwa kasoro pale mnunuzi anapoitumia kama S1.

Sasa chukua kazi yako ya hoteli. Tuseme mafundi wako wanafunga bomba la inchi 2 na kwa siku moja wanakata thredi 40, ambazo ni nyingi kwa kundi linalopima, kupandisha na kukaza kwa wakati mmoja. Arobaini mara sekunde 17 ni dakika 11 na kidogo za kukata thredi. Ongeza muda wa kukata bomba na kupitisha rima, fanya mara tatu ukipenda, bado mota haijafikisha dakika 40 katika siku ya saa 8. Hiyo ni chini sana ya asilimia 20, na mashine ya mkandarasi itaifanya kazi hiyo huku ikipumzika yenyewe kila fundi anapopanda ngazi. Lakini mweke kijana mmoja karakanani akate nipo, yaani vipande vifupi vya bomba vyenye thredi ncha zote mbili, za inchi 2 za kuuza madukani, ncha 60 kwa saa. Hapo thredi peke yake ni dakika 17, na ukijumlisha kukata na rima unapita nusu saa katika kila saa. Mashine ya S3 20% haitamaliza mwezi. Huyo kijana wa nipo ndiye mteja halisi wa mashine ya kiwandani, na katika barua yako sijamwona bado.

Suala la pili ni aina ya mota yenyewe. Mashine nyepesi nyingi hutumia mota ya kaboni, ile inayopiga kelele kama ya grainda. Ina nguvu ya kuanza hata ikiwa imebebeshwa mzigo na haisumbuki sana volti zikipungua, lakini kaboni zake huisha na zinatakiwa kubadilishwa kabla hazijala kola ya mota. Mashine nzito hutumia mota ya induksheni, isiyo na kaboni, tulivu, ya kudumu, ila inadai umeme mwingi sana wakati wa kuwaka, mara 5 au zaidi ya ule inaoutumia ikishaanza kuzunguka. Kwenye karakana yenye umeme wa njia tatu hilo si tatizo. Saiti ni tatizo kubwa.

Niliwahi kuitwa kwenye jengo la ghorofa nne ambako mashine mpya ya kilowati 1.1 ilikuwa “imekufa” siku ya tatu. Ilikuwa inawaka vizuri ikiwa tupu, lakini fundi akiizima katikati ya thredi na kuiwasha tena ilinguruma tu bila kuzunguka, kisha swichi ya kinga inaruka. Walikuwa tayari wameandika barua ya kuirudisha kwa muuzaji. Nilifuata waya: mita 50, wa milimita za mraba 1.5. Shaba ya unene huo ina ukinzani wa omu 12.1 kwa kilomita, kwa hiyo kwenda na kurudi, mita 100, ni omu 1.21. Mota inapodai ampia 40 za kuwakia, waya unakula volti 48 njiani, na kati ya volti 230 mashine inapata 182. Nguvu ya kuzungusha ya mota ya induksheni hupungua kwa mraba wa volti, hivyo ilibakiwa na chini ya theluthi mbili ya nguvu yake wakati ilipoihitaji zaidi. Tuliweka waya wa milimita za mraba 4, upotevu ukashuka hadi volti 18 hivi, na mashine ikafufuka siku ileile. Ndiyo maana nimekuambia ununue waya pamoja na mashine. Kama hoteli zako bado zinajengwa na mnategemea jenereta, hesabu jenereta kwa umeme wa kuwakia, si kwa ule unaosomeka kama wa kazi.

Kuhusu uzito sina mengi. Mabomba ya zimamoto yanapimwa na kukatwa karibu na yanapofungwa, na mashine isiyopanda ngazi inawageuza mafundi wako kuwa wapandishaji wa mabomba. Mashine ya karakana ya zaidi ya kilo 150 itakaa chini ya jengo, na kila kipimo kitakachokosewa kwa sentimita 2 kitakuwa safari ya kushuka na kupanda.

Mabomba yako machache ya inchi 3 na 4 ndiyo muuzaji wa pili anayoyatumia kukushawishi, na hapa nampinga waziwazi. Ni kweli kwamba bomba la inchi 4 halikatwi kwa kasi ya bomba dogo: lina kipenyo cha nje cha milimita 114.3, kwa hiyo kwa mizunguko 36 ukingo wake unapita mbele ya dai kwa karibu mita 13 kwa dakika, wakati wa inchi 2 unapita kwa mita 7 tu. Dai hupata moto na kupoteza makali. Ukishusha hadi mizunguko 12, unarudi kwenye mita 4 na kidogo, na thredi moja inachukua zaidi ya dakika nzima chini ya mzigo mkubwa. Kwa kazi ya namna hiyo kila siku, mashine kubwa ni lazima. Kwa mabomba machache kuna njia mbili za gharama ndogo. Ya kwanza ni kifaa chenye gia kinachovaa kwenye bomba na kuzungushwa kwa shafti na mashine ya inchi 2. RIDGID wanacho, nambari 141, cha inchi 2½ hadi 4, na watengenezaji wengine wana vya aina hiyo. Ya pili, ambayo ndiyo ningeitanguliza kwenye zimamoto, ni kuacha kabisa kukata thredi kuanzia inchi 2½ na kutumia mabomba yaliyofinywa mfereji kuzunguka ncha na kuungwa kwa kapilingi za kubana kwa bolti. Muulize mhandisi mshauri wa hoteli kama ramani inaruhusu. Akiruhusu, huna tena sababu ya mashine ya inchi 4.

Visima ni habari nyingine, na hapa nakuomba utulie. Thredi ya bomba la ukutani inazuia maji tu. Thredi ya bomba la kisima inazuia maji na kubeba mzigo. Chukua bomba la inchi 1¼ la daraja la kati, linalotumika kwenye pampu za mkono za India Mark II na kwenye U2 ya Uganda iliyotokana nayo. Mita moja ina uzito wa kilo 3.1 hivi. Mita 45 za bomba ni kama kilo 140, maji yaliyomo ndani yanaongeza zaidi ya kilo 40, na yote hayo yananing'inia kwenye thredi ya juu kabisa, ambayo inatikiswa kila mtu anaposukuma mkono wa pampu. Ukuta wa bomba hilo ni milimita 3.2. Thredi ya nyuzi 11 inachimba milimita 1.48, kwa hiyo kwenye shina la thredi inabaki milimita 1.7 ya chuma, na hiyo ni kama bomba limebanwa katikati sawasawa. Kama meno ya chaki (sehemu inayobana bomba) yameisha, au kishikio cha nyuma ni kibovu na bomba linayumba, dai zitakula upande mmoja zaidi: upande huu chuma kitabaki milimita 2.1, upande ule 1.3. Kwa macho thredi hiyo itapendeza. Itakatika kisimani, ikiondoka na pampu.

Kwa sababu hiyo, unapochagua mashine ya mkandarasi usiangalie mota tu. Bana kipande cha bomba, washa, na utazame ncha yake ikizunguka. Ikichora duara, iache mashine hiyo dukani. Angalia kama kuna kishikio cha nyuma kinachoshika bomba katikati, maana kwenye baadhi ya mashine za bei ya chini ni pambo. Na kama kuna nafasi ya kuongeza fedha mahali pamoja, iongeze kwenye kichwa cha dai kinachofunguka chenyewe, kwa kuwa kitakupa thredi za urefu mmoja hata kijana akiwa amechoka. Thredi ndefu kupita kiasi inaacha nyuzi zisizo na zinki nje ya soketi, na kutu huanzia hapo. Mabomba ya daraja jepesi msiyapigie thredi za kisima hata kama mchimbaji mwenyewe ndiye aliyeyaleta.

Dai ziwe za BSPT, yaani BSP inayochongoka kuelekea nchani, zile za kona ya digrii 55. Seti moja hutosha nusu inchi na robo tatu, nyingine inchi 1 hadi 2, kwa hiyo unanunua mbili, na ya akiba kwa ile mnayoitumia zaidi. Dai za chuma cha hai-spidi ni ghali, lakini kama visima vitaendelea nazipendelea. Zina nambari, 1 hadi 4, na kila moja ina kitako chake kwenye kichwa. Zikibadilishana nafasi, thredi inatoka imechanika kama imetafunwa, na lawama inaiangukia mashine. Mafuta yawe ya kukatia thredi. Nimeona oili chafu ya gari ikimiminwa kwenye tangi kwenye saiti zaidi ya moja. Haina viungo vya kuzuia chuma kugandamana na dai, ina chenga zake tayari, na haifai kugusa bomba la maji ya kunywa. Kwa mabomba ya visima tafuta mafuta yanayooshwa kwa maji, yaliyotengenezwa kwa ajili ya mifumo ya maji ya kunywa, na yaoshe mabomba kabla hayajashushwa.

Kabla ya kulipa, nenda dukani na bomba lako la inchi 2 la daraja zito, uombe ukate thredi 10 mfululizo. Muuzaji anayeiamini mashine yake hatakataa. Sikiliza gia, gusa mota baada ya ya 10, tazama kama mafuta yanafika kwenye dai bila kukatika, kisha ingiza soketi ileile kwa mkono kwenye thredi ya kwanza na ya 10: isimame baada ya mizunguko sawa. Uliza bei ya meno ya chaki na ya kaboni, na kama vipo dukani leo. Mashine ikija bila swichi ya mguu, isikanyage saiti yako. Na mafundi wako, waliozoea kuvaa glavu wakipiga kwa mkono, wazivue mbele ya mashine, kwa sababu bomba linalozunguka likishika glavu linachukua na mkono.

Imebaki mashine ya Marekani. Kuna uwezekano mkubwa kwamba ni ya volti 120 na masafa ya umeme ya hezi 60. Kama mota yake ni ya kaboni, transfoma ya kushusha volti itamaliza suala hilo. Kama ni ya induksheni, kwenye masafa yetu ya 50 mizunguko 36 inakuwa 30, jambo linalovumilika, lakini ukiipa volti zake 120 kamili itachemka. Inataka kama 100, na transfoma ya kiasi hicho ni ya kutengenezesha. Kisha dai zake zitakuwa za NPT, mfumo wa thredi wa Kimarekani. Hizo zina kona ya digrii 60, na kuanzia inchi 1 hadi 2 zina nyuzi 11½ kwa inchi badala ya 11, kwa hiyo fitingi ya dukani kwetu itaingia mizunguko michache na kukwama. Hatari zaidi ni nusu inchi na robo tatu, ambazo zina nyuzi 14 katika mifumo yote miwili: soketi inaingia vizuri, fundi anakaza, anaondoka, na kiungo kinavuja maji yakipandishwa presha. Vichwa vingi vinakubali dai za BSPT, kwa hiyo jumlisha bei ya seti mbili za dai, transfoma na usafiri, ndipo uilinganishe na mashine mpya. Nenda ukaione ikiwa na bomba ndani, inakata, si ikizunguka tupu. Na ukikuta kibati cha mota kimeng'olewa, mwachie mwenyewe mashine yake.